Fundi Aliyenyamazisha Malori

Kaka yangu ni fundi wa malori, lakini zamani watu hawakumtafuta ili awatengenezee kitu. Nieleweke mapema, maana nikisema hivyo wengine wanadhani namsengenya ndugu yangu. Kutengeneza alijua, tena sana. Ila mafundi wa kutengeneza walijaa tele pale yadi ya malori, wengine wanashinda wakicheza bao na kazi hawana. Kaka alitafutwa kwa jambo moja: alijua kunyamazisha. Lori lenye kelele likiingia kwake asubuhi, jioni linatoka limetulia kama mtoto aliyeshiba maziwa, na ugonjwa wake uko palepale ulipokuwa.

Ndiyo maana akaitwa Kimya. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kutumiwa na mama yetu peke yake, na mama alipofariki nalo likapumzika.

Mimi nauza chai getini. Kibanda changu na banda lake vinatazamana, kati yetu ni njia ya malori tu, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Ambayo sikuyaona niliyasikia, kwa sababu mtu mwenye kikombe cha chai mkononi hana siri. Na kama yupo atakayesema nimetia chumvi, aje kibandani aniambie usoni, sijahama.

Kazi ya Kimya ilikuwa hivi. Kila lori lazima likaguliwe na serikali kila mwaka. Mkaguzi anafungua boneti, anasikiliza, anazunguka, anapiga teke tairi, anaandika. Akisikia mlio asioupenda, lori linalala. Lori likilala, tajiri mwenye mali ananuna, na tajiri akinuna dereva hana kazi. Basi ukaguzi ukikaribia, foleni iliyokuwa kwa Kimya usiulize. Gea inayolia aliitia unga wa mbao, akiuchekecha kwanza kwa chekeche la jikoni, ambalo wifi yangu alilitafuta mpaka akakata tamaa akanunua jingine. Bodi inayogongana aliipachika vipande vya mpira alivyokata kwenye tyubu kuukuu. Injini inayogonga aliitia oili nzito aliyoichanganya na dawa yake, kitu cheusi kinachonata, anachokipika mwenyewe katika sufuria ambayo nayo ilikuwa ya wifi yangu. Halafu anampa dereva masharti: usiipeleke kwa mkaguzi ikiwa ya baridi, izungushe kwanza ipate moto.

Dereva mmoja aliyekuwa mgeni wa mambo yetu aliwahi kumuuliza, "Lakini fundi, si bado bovu?"

"Uliniletea ubovu au uliniletea kelele?" Kimya akamuuliza.

"Kelele."

"Bado unaisikia?"

"Siisikii."

"Haya, safari njema."

Yule dereva akaondoka ameridhika kabisa.

Na msidhani ilikuwa kazi tu. Kelele hakuzipenda kutoka moyoni. Nyumbani kwake bawaba zote zilipakwa grisi, hata za kabati, ukiingia chumbani unamshtua mtu. Simu yangu ya kibandani ikilia, alikuwa anavuka njia na mikono yake michafu, ananyoosha kiganja hewani na kukishusha polepole, ananiambia, "Mdogo wangu, hiyo ipunguze." Naipunguza. Akishavuka kurudi kwake, naipandisha. Tumeishi hivyo miaka mingi na tunapendana.

Mume wangu ni dereva. Tulikutana hapohapo getini. Aliagiza chai akasahau kuondoka. Lori lake ni la tajiri mmoja wa saruji, kubwa, la kijani, na juu ya injini lilikuwa na mlio wa ka-ka-ka, hasa asubuhi. Mimi nilikuwa nimeuzoea. Akiwa bado kwenye kona ya kituo cha mafuta nausikia, nasogeza birika kwenye moto, na akifika anakuta chai imechemka. Sikuwahi kujiuliza ule mlio unasema nini.

Sasa siku moja kampuni inayotengeneza yale malori ikatoa tangazo. Likaja kwenye simu za matajiri, likaja na kwenye simu za madereva. Lilisema malori ya aina ile, ya toleo lile, yote yanaitwa yarudi kwa wakala wa kampuni. Kuna virola vidogo juu ya injini, ukubwa wa kidole gumba, vinavyosukuma vali zifunguke na kufungika. Kiwanda kimegundua chuma chake si imara. Kwa hiyo wakala atasikiliza kila injini, na itakayokutwa inagonga itafunguliwa iwekewe virola vipya, bure.

Nusu ya malori ya yadi yetu ilikuwa ya toleo hilo. Tangazo lilisomwa kibandani kwangu kwa sauti, likarudiwa, na watu wakatazamana. Lazima mtuelewe. Pale yadi mtu anaitwa na polisi, anaitwa na mahakama, anaitwa na mwalimu mkuu kwa ajili ya mwanawe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitwa akaenda kupewa kitu. Lile neno "bure" kila mtu aliliona, na kila mtu akajua ni chambo.

"Watasikiliza," dereva mmoja mnene akasema, "wakisikia linagonga, wanalishika."

"Wanalishika wanalipeleka wapi?" nikauliza.

"Mama chai, wewe mimina chai."

Hakukuwa na mjadala mrefu. Kabla vikombe havijapoa, wanaume walikuwa wanavuka njia kwenda kwa Kimya. Mume wangu alikuwa wa kwanza, kwa kuwa yeye ni shemeji na shemeji hapangi foleni.

"Shemeji, tumeitwa," akamwambia.

"Lini?"

"Keshokutwa."

"Lete."

Mimi mwenyewe nilimpelekea kaka chai mchana ule akiwa amezama ndani ya boneti ya mume wangu, na nikamwambia asante. Jioni lori la kijani lilipita mbele ya kibanda nikalitazama tu, maana masikio hayakuniambia kitu. Siku ya kurudi kutoka kwa wakala nilimkuta mume wangu amekaa kitambo mezani, chai haijawashiwa hata moto, maana sikumsikia akikata kona. Akaniuliza siku hizi sitaki kazi?

Huko kwa wakala alikuwa amepokewa vizuri. Sakafu inang'aa mpaka aliona aibu ya viatu vyake. Aliyempokea ni fundi mwanamke, ovaroli safi, miwani, na chombo cha kusikilizia kama cha daktari. Alilipima lori upande huu, akalipima upande ule, akakunja uso, akapima tena.

"Hili halijawahi kugonga?" akauliza.

"Kamwe," mume wangu akajibu. Nyumbani mume wangu hasemi uongo. Kazini ni kazini.

Yule mama akabandika kibandiko cha kijani kwenye kioo: lori zima. Juma lile lote malori yalirudi yadini na vibandiko vya kijani, moja baada ya jingine, na kila dereva akirudi anapiga kofi banda la Kimya kwa furaha. Walimnywesha chai mpaka akaomba apumzishwe. Wengine walisema agombee udiwani.

Halafu akaja mgeni. Alikuwa dereva wa mji mwingine, lori la toleo lilelile, amesimama anywe chai aendelee na safari. Akiwa anatafuta kiberiti mfukoni akatoa kichuma kidogo cha mviringo, akakiweka mezani. Upande mmoja kilikuwa kimelika, kingo zake zimemeguka.

"Hiki ndicho kilichokuwa kwenye injini yangu," akasema. "Wamenibadilishia vyote. Nyinyi je?"

"Sisi tulipita," yule dereva mnene akamjibu kwa maringo.

"Mlipita nini?"

"Hawakusikia kitu."

Mgeni akamtazama, akadhani kuna jambo hajalielewa. Akaeleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima ambaye hutaki kumvunjia heshima. Mwenzake alipuuza kwenda. Akiwa anashuka mlima, kirola kikapasuka, vipande vikaanguka ndani ya injini, injini ikazima papo hapo. Lori lina shehena. Usukani ukawa mzito haugeuki, breki ya injini haipo tena, breki za upepo zimebaki na upepo uliokuwamo tu, na mteremko bado unaendelea.

"Alikufa?" nikamuuliza.

"Hakufa," mgeni akasema. "Ila hatembei. Mama, naomba sukari."

Niligeuka kutazama ng'ambo. Kimya alikuwa amesimama mlangoni kwake na kitambaa mkononi. Yule mtu husikia mpaka unachofikiria. Akavuka njia, akakichukua kile kichuma, akakizungusha vidoleni, akapitisha ukucha mahali kilipomeguka. Akakirudisha mezani, akavuka tena kwenda kwake. Kitambo kidogo nikasikia spana imeanguka sakafuni ndani ya banda lake. Tangu nimjue kaka yangu, spana haikuwahi kumwanguka.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi mume wangu alikuwa na safari ya saruji, na kila mtu anajua njia ya saruji inateremka wapi: kona juu ya kona, huku ukuta wa mwamba, huku hewa.  Nikaacha birika motoni, nikavuka njia.

"Kaka," nikamwambia, "nirudishie kelele ya mume wangu."

"Nilikuwa nawaza hivyohivyo," akasema.

Mume wangu alianza na tajiri. Tajiri akamsikiliza kwenye simu hadi mwisho, akamuuliza, "Kibandiko ni cha rangi gani?" Mume wangu akasema cha kijani. Tajiri akamwambia kama anaogopa mlima aseme, wapo vijana wanaotafuta kazi. Ndipo tukaona kwamba hata mume wangu akikataa, lori litashuka tu na mtu mwingine, naye ana mkewe mahali.

Kwa hiyo Kimya akalivamia lori. Akamwaga oili yote, akasuuza injini kwa dizeli, akatia oili nyepesi ya kawaida. Akaliacha lipoe kabisa. Jumatano asubuhi, kukiwa na ubaridi, tukasimama sote watatu mbele ya boneti.

"Liwashe," Kimya akasema.

Mume wangu akawasha. Tukasubiri.

"Limewaka?" nikauliza.

"Limewaka."

"Zima. Washa tena," Kimya akasema.

Akazima, akawasha tena. Ungeweza kusikia nzi akitembea kwenye kioo. Kimya aliinama, akatega sikio, akainuka, na naapa niliona kiburi kinapita usoni mwake kabla hakijaingiwa na woga.

"Nilijua ile dawa inashika," akasema polepole. "Sikujua inashika hivi."

"Itaachia lini?" nikamuuliza.

"Miezi."

"Na hicho kirola, kikinyamaza hivyo, kinapona?"

"Kinaendelea kuliwa."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kwa sababu wateja wangu wengine ni watu wa dini. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza kama nina kopo tupu la maziwa.

Alitia nati mbili ndani ya lile kopo, akalifunga kwa waya karibu na mfuniko wa vali, pahali pa uficho. Lori likawashwa. Ka-ka-ka-ka. Mume wangu akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Kidogo alie.

Nilifunga kibanda, kitu ambacho sikufanya hata nilipoumwa malaria, nikapanda katikati yao, tukaenda kwa wakala.

Pale ukumbini watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya ngozi wakisubiri magari yao. Tulipoingia Kimya akanifinya mkono. Kwenye kiti cha pembeni, na glasi ya maji mkononi, alikuwa amekaa mkaguzi wa serikali. Mkaguzi mwenyewe, yuleyule ambaye kaka yangu alimdanganya masikio yake mwaka hadi mwaka bila kukutana naye uso kwa uso. Gari lake lilikuwa linabadilishwa oili. Alitusalimia kwa adabu kama anavyosalimia kila mtu.

Yule fundi mwanamke akalikumbuka lori. Mume wangu akamweleza kwamba limeanza kugonga ghafla. Mama wa watu akafungua boneti, akavaa chombo chake masikioni, akasikiliza. Hakukunja uso wala nini. Akapeleka mkono moja kwa moja mpaka lilipo kopo, akalichomoa na waya wake, akarudi nalo ukumbini kwenye mwanga.

"Hiki nini?" akauliza.

"Kopo," Kimya akasema.

"La nini?"

"La maziwa."

Akalitikisa. Ka-ka-ka. Watu wa kwenye viti vya ngozi wakageuka.

"Jamani, nina kazi," yule mama akasema, wala hakukasirika, na bora angekasirika. "Lori hili nililipima mwenyewe, ni zima. Kiwanda kimetuagiza tufungue injini zinazogonga tu. Lililopita siwezi kulifungua tena, labda kuwe na jambo nisilolijua." Akamtazama kaka yangu. "Kuna jambo nisilolijua?"

 Nilimwona Kimya anamtazama yule mama, kisha jicho linakwenda kwa mkaguzi, linarudi. Namjua kaka yangu. Watoto wake wamesoma kwa ile dawa ya sufuria, na sifa yake yote mjini ilikuwa pale, katika kutosema. Mume wangu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Hakumwomba shemeji yake chochote. Ndicho kilichoniuma, kwamba hakumwomba. Nikavuta pumzi nipige kelele mimi, ya kusikika mpaka barabarani, na mdomo nilikuwa nimeshafungua.

Kimya akanyoosha kiganja hewani, akakishusha polepole, vilevile anavyofanya kwa simu yangu. Nikafunga mdomo. Na yeye ndipo akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, labda kwa sababu hakuwa na mazoezi.

"Linagonga. Nimelinyamazisha mimi."

Mkaguzi akaiweka glasi kwenye meza.

"Umelinyamazisha kwa nini?" yule mama akauliza.

"Ndiyo kazi yangu."

"Na yale mengine? Yaliyotoka yadi yenu?"

"Yapi?"

"Niambie wewe."

"Yote," Kimya akasema.

Yule mama akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, kopo bado mkononi. Akatuambia kwamba kiwanda kimeshangaa. Malori ya toleo lile yanagonga kila yalipopelekwa duniani, isipokuwa hapa mjini kwetu, hapa hayagongi hata moja. Wataalamu walikuwa wameshakata tiketi waje kupima vumbi letu. Walidhani lina kitu kinachosaidia chuma.

"Na malori ya ukaguzi?" mkaguzi akauliza kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kimya akamgeukia. "Na ya ukaguzi, mheshimiwa."

Mkaguzi akamalizia maji yake. Akasema alikuwa akijisifia nyumbani kwa mkewe kwamba wilaya yake ina malori bora kuliko zote.

Wakalifungua lori letu mchana uleule. Ilichukua muda, na hakuna aliyetuambia twende nyumbani wala aliyetuambia tukae. Yule mama alitoka na kirola kwenye kitambaa. Kile cha mgeni kilikuwa kimelika. Hiki kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Alikigusa kwa ukucha, kipande kikabanduka kikabaki kitambaani.

"Safari ijayo ilikuwa lini?" akauliza.

"Kesho," nikamjibu. 

 Yule mama alimshika Kimya mkono, akamwekea kirola kiganjani, akarudi ndani kuendelea na kazi. Kaka yangu alikifunika kwa vidole. Alikaa hivyo ameshika ngumi, machozi yanamtoka bila sauti, maana hata kulia alikuwa analia kifundi.

Mume wangu akamsogelea. "Shemeji, usijitese. Lori nilikuletea mwenyewe."

"Wewe uliniletea kelele," Kimya akamwambia. "Mimi ndiye nilijua ni ubovu."

Mume wangu akamshika bega.

Kwa wakala walikubali kuyafungua malori yote, ila madereva walikataa kwenda. Wameshapita, wana vibandiko, leo waende tena kufanya nini? Walisema Kimya ametekwa na kampuni, amelishwa kitu. Basi fundi Kimya ikabidi ayaite yeye. Alfajiri ya Alhamisi alisimama getini na sufuria ya wifi yangu, ile ya dawa, imesuguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akawa anaipiga kwa spana na kupaza sauti: lori lako ni bovu, nililifunika, lirudishe! Kila lori linalotaka kutoka anasimama mbele yake. Matusi aliyotukanwa asubuhi ile, mengine nilikuwa siyajui, na mimi nimekaa getini muda mrefu. Yule dereva mnene alimwambia atamkanyaga. Kimya akamwambia akanyage, lakini akishuka mlimani injini ikizima amkumbuke. Dereva mnene akakaa na injini inanguruma kidogo, halafu akapinda usukani kuelekea kwa wakala.

Walioko safarini tuliwapigia kwa simu yangu. Mmoja alipatikana akiwa ameshafika juu kabisa, amesimama kununua maji kabla hajaanza kushuka. Alimtukana Kimya, akamtukania na mama yetu marehemu, akalala palepale juu mpaka likaja la kumvuta. Alipofunguliwa injini alikuja mwenyewe kibandani, akaketi, akaomba nimpelekee fundi chai, yeye haya zilimzuia kuvuka njia. Malori yote yalirudi. Wataalamu wa vumbi waliahirisha safari.

Mkaguzi alikuja baadaye akalifunga banda la kaka kwa muda mrefu, na ilikuwa haki yake. Lilipofunguliwa, Kimya alirudi kutengeneza kama mafundi wengine, akaanza kupanga foleni ya kazi miongoni mwa wale wacheza bao. Wateja wake sasa ni wachache, kwa sababu akisikia ugonjwa anausema mbele ya watu, tena kwa sauti, na tajiri gani anapenda hivyo? Wifi yangu amerudishiwa sufuria. Jina la Kimya limemganda, hakuna aliyejisumbua kulibadili.

Mume wangu bado anaendesha lori lilelile. Siku alipotoka nalo mara ya kwanza likiwa na virola vipya, Kimya aliniomba niache kuosha vikombe. Akasimama katikati ya njia, sikio limegeukia kona ya kituo cha mafuta, mpaka lori likapotea.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

"Sisikii kitu."

"Si ndiyo vizuri? Limepona."

 Aliendelea kusimama pale hadi lori la nyuma lilipompigia honi. Kilikuwa kimya kilekile alichozoea kuwapa watu, na hakuna namna ya kukitofautisha kwa sikio.

Tangu siku hiyo, kila mume wangu anapoteremka ule mlima, Kimya huacha kazi aliyoishika, akaja kukaa kwenye benchi langu. Nikimpa chai haigusi, inapoa mpaka inafunga utando. Simu yangu, ambayo mume wangu huipiga akishafika chini, anaichukua mezani, na kabla hajakaa sawasawa ananinyooshea kwa mikono yake ya grisi.

"Mdogo wangu," ananiambia, "ipandishe sauti hiyo. Ipandishe mpaka mwisho."